Mshahara Wangu wa Kwanza Ulitoka Katika Viatu vya Watu

Najua mnavyosema huko vijijini: kijana akishafika Marekani, fedha humkimbilia yeye mwenyewe. Mimi nilifika huko mwaka 2015 pamoja na wazazi wangu na wadogo zangu wanne, tukitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Fedha haikunikimbilia. Niliitafuta kwa miguu, nikaipata mahali ambapo hata jina lake sikulijua, yaani katika nyumba ya mchezo wa bolingi.

Yafaa nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana kwetu haujulikani. Nyumba yake ni ndefu kama ghala la pamba. Ndani kuna njia za mbao zilizopakwa mafuta, zimelala sambamba. Mwisho wa kila njia husimamishwa pini kumi, vipande vya mti vyenye umbo la chupa, kimo chake sentimeta 38, na uzito wa kila kimoja ni kilo moja na nusu hivi. Mchezaji husimama umbali wa mita 18, akaviringisha tufe zito lenye matundu ya kutilia vidole, akijaribu kuziangusha zote. Akiziangusha kumi zote kwa tufe moja, mara kumi na mbili mfululizo, amepata alama 300, na hapana alama zaidi ya hizo.

Tena mtu hachezi na viatu alivyokuja navyo. Huvaa viatu vyenye soli laini, ili mguu uteleze vizuri na sakafu isiharibike. Wengi hawana vyao, basi huvikodi hapo hapo mlangoni, na wakimaliza huvirudisha. Hapo ndipo palipokuwa na kazi yangu.

Mji wetu ulikuwa Milwaukee, ulio kando ya Ziwa Michigan. Nilipotimiza miaka 16 niliona wenzangu wa shule wana vibarua vya jioni, nami nikaanza kuzunguka madukani. Kila mahali waliniuliza: umefanya kazi wapi zamani? Nilikuwa nimechota maji, nimekata kuni, nimeuza maandazi ya mama tangu nikiwa na miaka minane. Lakini mambo hayo hayana mahali pa kuandikwa katika karatasi zao. Nilijaza karatasi saba, hakuna aliyeniita. Mwishowe mama mmoja wa parokia yetu akaniambia baada ya Misa kwamba nyumba fulani ya bolingi yatafuta kijana. Msimamizi aliniuliza mambo matatu tu: waweza kuja Ijumaa jioni? Wajua kurudisha chenji? Je, harufu yakusumbua? Nikamjibu ndiyo, ndiyo, hapana. Akaniambia nianze siku ile ile.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilipokea viatu vingali na joto la miguu ya watu, nikavipulizia dawa ndani, nikavipanga kwa namba katika mashimo ya ukutani. Nilipangusa matufe na meza, nikaokota vikombe. Mara mbili katika mwezi wa kwanza nilipangwa Jumapili asubuhi. Mama akasema mtoto asiyekwenda Misa hali kwake. Nikamweleza kwamba katika parokia za kule ipo Misa ya Jumamosi jioni, nayo yatimiza wajibu wa Jumapili. Mama hakuiamini Misa hiyo hata Padre mwenyewe alipomhakikishia, na nafikiri mpaka leo haiamini sana.

Mwenye shida alikuwa baba. Huko Nyarugusu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akifundisha watoto themanini katika chumba kimoja, na watu wazima wakimwamkia kwa heshima. Milwaukee alipata kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, akisafisha mashine kwa maji ya moto. Hilo alilivumilia, maana alisema anafanya kwa ajili yetu. Lakini aliposikia kazi yangu alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, nilikufundisha kusoma ili ukashike viatu vya watu?"

Baada ya majuma mawili nilipata hundi ya kwanza. Nilikuwa nimefanya saa 30, kwa dola 7 na senti 25 kila saa, nacho ndicho kima cha chini cha taifa lao tangu 2009. Jumla ni dola 217 na nusu. Baada ya makato ya hifadhi ya jamii na ya matibabu ya wazee zilibaki dola 200 na kitu. Nilimpa baba hundi kwa mikono miwili. Aliisoma, akaiweka mezani chini ya kopo la sukari, na hapo ikakaa. Hundi ya pili ikaja, akaiweka juu ya ile ya kwanza. Mama alikuwa akipangusa meza kila asubuhi, anainua kopo, anapangusa, analirudisha. Hakuna aliyesema neno. Nyumbani kwetu kodi ya nyumba ilikuwa mzigo kila mwezi, na dola mia nne zimelala pale!

Sasa niwaambie habari za mzee mmoja, mtu wa ukoo wa Kipoland, aliyekuja kila Jumamosi kucheza na wazee wenzake. Siku moja alinikuta nikipulizia viatu, akasema: "Wewe una bahati, wafanya kazi umesimama." Akavuta suruali akanionyesha kovu la mfupa wa mguu. Alikuwa mpanga pini utotoni, katika ukumbi uliokuwa chini ya kanisa lao. Msishangae! Katika miji kama Milwaukee parokia kadhaa zilijenga njia za bolingi chini ya kanisa au chini ya shule, ili wanaparokia wapate mahali pa kukutana.

Zamani hapakuwa na mashine ya kusimamisha pini. Kijana alikaa juu ya kiambaza nyuma ya shimo, miguu ameikunja. Tufe likishapita, pini zikishatawanyika, aliruka chini, akalirudisha tufe kwa reli yake, akazokota pini mbili mbili kila mkono, akazisimamisha, akaruka juu tena kabla mwingine hajarusha. Pini zilizoruka ndizo zilizowavunja vijana miguu. Mpiga picha Lewis Hine aliwapiga picha watoto wa namna hiyo huko Brooklyn mwaka 1910, saa saba za usiku, wakiwa bado kazini. Mashine ilionyeshwa hadharani mwaka 1946, ikaenea katika miaka ya 1950, kazi ile ikatoweka karibu kila mahali. Milwaukee ipo nyumba moja, Holler House, iliyofunguliwa 1908, ambako hata miaka yangu ile pini zilipangwa kwa mikono.

Sheria nayo ilibadilika. Tangu 1938 Marekani ina sheria ya kazi ya watoto. Kijana wa miaka 14 au 15 hafanyi zaidi ya saa tatu siku ya shule. Hata Tanzania sheria ya kazi ya 2004 yakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na huyo wa 14 ni kwa kazi nyepesi tu. Ninyi wazazi mnaopeleka vijana vibaruani, ulizeni wanafanya nini hasa na wanarudi saa ngapi. Baba yangu hakuuliza hayo, aliuliza juu ya heshima tu.

Basi Jumamosi moja ya theluji mabasi yalichelewa, baba akaja kunichukua kwa gari la jirani. Alisimama mlangoni na koti lake, hataki kukaa. Yule mzee akamwendea, akamnyoshea mkono, mimi nikawa mkalimani. Akamweleza baba kwamba baba yake mwenyewe alitoka Poland, akafanya kazi katika kiwanda cha ngozi, akarudi kila jioni na harufu mbaya hata mama yao akamvulisha nguo nje. Naye mtoto akipanga pini chini ya kanisa kwa senti chache kwa kila mchezo. Kisha akasema jambo ambalo sikulijua. Chama cha taifa cha mchezo ule kilikuwa na sheria kwamba wanachama ni wanaume Wazungu tu. Vyama vya wafanyakazi, vya watu weusi na vya Wakatoliki vilikipinga, hata kikaliondoa sharti hilo la rangi mwaka 1950.

Baba akaniambia, muulize: "Mwanangu huyu angeingia humu miaka ile?"

Mzee akafikiri. "Kupanga pini, ndiyo," akajibu. "Kucheza nao, hapana."

Baba alitazama zile njia, watu wakipiga kelele, watoto wakicheka. Kisha akanigeukia akauliza kama ninayo namba 43. Kwa hesabu yao ni kumi hivi. Nilichukua jozi moja, nikaipulizia dawa mbele yake, mara mbili. Tufe lake la kwanza lilianguka mferejini. La pili liliangusha nne, wazee wote wakampigia makofi, akainamisha kichwa kama mwalimu anayepokea wageni.

Jumatatu aliziondoa hundi chini ya kopo. Dola 300 zikaingia katika kodi ya nyumba, 50 akatumiwa bibi aliyebaki Nyarugusu, na zilizobaki nikanunua viatu vya theluji, vyangu mwenyewe. Bibi alipopata zake alipiga simu kushukuru, akauliza ni kazi gani. Baba akachukua simu mkononi mwangu, akamjibu yeye.