Nguzo Juu ya Kaburi

Kunduchi, Dar es Salaam, nilipita asubuhi, jua halijawa kali, na sina mengi ya kueleza. Magugu, mibuyu, makaburi ya mawe, na nguzo zake zimesimama kimya huku wavuvi ng'ambo ya miti wakizozania bei. Nilikuwa nimeamua kuzifuata nguzo hizo kuelekea kaskazini kadiri nauli itakavyoruhusu. Makaburi ya namna hii, ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye nguzo upande wa kichwani, yametapakaa kuanzia pwani ya kusini ya Somalia mpaka kwetu, na watafiti hawajaona mfano wake Uarabuni wala Uajemi. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonigombanisha na kijana wa watu kule Kaole.

Kaole iko kilomita chache kusini ya Bagamoyo. Zamani ilikuwa bandari. Sasa mikoko imeziba ghuba na bahari huioni mpaka uitafute. Imebaki misikiti miwili, mmoja unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi na kisima. Nililipia kiingilio, nikapewa stakabadhi, kisha nikaunganishwa na kundi la wanafunzi wa sekondari waliotoka bara na mwalimu wao. Aliyetutembeza alikuwa kijana mwenye kapelo na sauti ya mtangazaji wa mpira.

Alianza na mbuyu. Ukiuzunguka unaongezewa umri, akasema, na wanafunzi wakauzunguka mbio, mwalimu naye nyuma yao, tai inapepea. Akaja kwenye kaburi la wapenzi, mume na mke waliozama baharini wakazikwa pamoja. Wasichana wakaguna kwa huruma. Tulipofika kwenye nguzo, nami nilikuwa nimezingoja tangu getini, akazimaliza kwa sentensi moja: "Hizi zilijengwa na Washirazi kutoka Uajemi, ndio walioleta ustaarabu wa mawe. Twendeni kisimani."

Nikamwambia, "Mdogo wangu, ngoja kidogo. Huko Uajemi nguzo kama hizi wanazo?"

"Wanazo, mama."

"Wapi?"

Wanafunzi wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema mama ameuliza swali zuri, atalijibu mwishoni, na kundi likahamia kisimani. Mimi nikabaki.

Ukisogea karibu na nguzo unaona mashimo ya duara yaliyochimbwa kwenye lipu. Humo ndimo yalimokuwa mabakuli ya kauri kutoka China, yamepachikwa yakitazama nje, yang'ae kwa anayepita. Mengi yameng'olewa, kwa mikono ya watu wa kila aina kwa karne kadhaa. Nilichungulia shimo moja na kwenye chokaa nikaona alama ya kitako cha bakuli, duara jembamba lililokamilika, kama la kikombe kilichoachwa mezani. Fundi alilikandamiza bakuli chokaa ingali mbichi, na chokaa imeweka kumbukumbu ya chombo ambacho chenyewe hakipo. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyo adabu kwa mtu aliyekuja na kundi.

Na kila nilivyozidi kutazama ndivyo nilivyozidi kukereka. Bakuli limetoka China, sawa. Lakini jiwe ni la hapa, limechongwa na mtu aliyejua kwamba tumbawe likitoka majini ni laini na likikauka ni gumu. Chokaa imechomwa hapa kwa kuni za hapa. Wageni walikuja, walioa, walizikwa, na wapo watu wa mwambao wanaojiita Washirazi mpaka leo. Sina ugomvi na nasaba ya mtu. Ila wazo la kusimamisha nguzo juu ya kaburi na kuivisha vyombo vya mezani halikushuka jahazini. Kila aliyepita madrasa amefundishwa kwamba kaburi halijengewi. Matajiri wa Kaole walifundishwa hivyo hivyo, wakajenga, tena kwa fahari. Hicho ni kiburi cha nyumbani kabisa. Wapo wataalamu wanaodhani asili ya nguzo hizi ni desturi za makaburi za Wakushi wa pembe ya Afrika, wengine wanakataa. Lakini hata huo mjadala unatuacha Afrika.

Yule kijana alinikuta nikiwa bado nimeinama shimoni. Wanafunzi walikuwa wamekwenda kula. Akavua kapelo, akajipepea.

"Shikamoo tena mama. Wewe ni mwalimu?"

"Marahaba. Hapana, mwandishi."

"Afadhali." Akakaa juu ya jiwe, lisilo la kaburi, alihakikisha. "Mama, hayo unayoyasema mimi nayajua. Mzungu Chittick alichimba hapa mwaka 1958, na waliokuja baada yake wakaandika kuwa miji hii ni ya watu wa mwambao wenyewe. Nimesoma chuoni. Nilipoanza kazi nilikuwa nasema hivyo hivyo."

"Ukaacha kwa nini?"

"Nikiwaambia wamejenga mababu zetu, wananiangalia. Mwalimu mmoja alisema mbele ya watoto, aa, kumbe ni sisi tu. Wakaondoka hata picha hawajapiga. Nikisema Washirazi, simu zote zinatoka."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia aseme ukweli hata kama simu zitabaki mifukoni. Akaniuliza kama magazeti yananilipa kwa ukweli au kwa wasomaji. Mtoto wa Bagamoyo huyo, ulimi wake umenolewa.

Katikati ya maneno yetu akaja mama mmoja wa makamo, amejitanda kanga, mkononi ana chupa ndogo ya marashi. Alikuwa akielekea kwenye kaburi la mwanamke aitwaye Sharifa, ambako watu huja kuomba dua na kuweka nadhiri. Kijana alinyanyuka, akamwamkia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nzima, ya chini, ya mtu wa nyumbani. Mama akaitikia, akatazama upande wa wanafunzi waliokuwa wakipiga kelele na chupa zao za soda.

"Mwanangu, kawapunguze sauti. Kuna watu wamelala hapa."

Akaenda kuwapunguza, na mimi hasira ikanitoka. Mama yule hakuwa na haja ya kujua nani kajenga. Aliingia kwenye eneo la mambo ya kale jinsi mtu anavyoingia uani kwa shangazi yake.

Kutoka Kaole nilikwenda Tanga. Tongoni nguzo nyingi zimelala chini, mvua ikaninyeshea. Nikavuka mpaka wa Horohoro, Mombasa nikalala tu. Gede, mji uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, una kaburi lililochongwa tarehe yake, mwaka 802 wa Hijria, ndio 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba huko 1948. Mzee aliyenitembeza alitamka "Waswahili" bila kuulizwa, nikampa bakhshishi nono kuliko uwezo wangu.

Malindi nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke kwenye nguzo. "Hakuna shida, mama." Tukaenda mbio hadi kwenye rasi, akazima pikipiki, akaonyesha kwa fahari: Nguzo ya Vasco da Gama, mnara mweupe wenye msalaba wa jiwe la Kireno juu yake. Bwana huyo alipita hapa 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi India, akaenda zake. Watalii walikuwa wakipigana picha.

"Si hii," nikamwambia. "Ziko mbili, ufukweni, kando ya msikiti. Makaburi."

Akafikiri. "Aaa, zile! Zile tumezipita, mama. Nilidhani unataka ya maana."

Nauli ya kurudi aliidai upya. Tulibishana mpaka tukakubaliana nusu, akaniteremsha kando ya msikiti: nguzo moja ndefu, nyingine fupi, nyaya za umeme zikipita juu yake. Nikamwomba anisubiri. Akasema hawezi, ana abiria anayetaka kwenda kwa Vasco.