Kitimat: kiwanda kwenye mwisho wa barabara



Mwezi huu tutoke kidogo katika vumbi letu. Shika atlasi ya mutoto wa shule, tafuta Kanada, kisha upande wa magaribi pale inchi inagusa bahari ya Pasifiki. Utaona mwambao umekatika-katika sawa kitambaa kilichoraruka. Maji ya bahari yanaingia ndani kabisa kati ya milima, na kwenye mwisho wa mukono mumoja wa maji yale kuko muji unaoitwa Kitimat, wenye watu karibu 8,000. Kwa barabara unatoka Terrace, unashuka kusini karibu kilomita 60, na mbele hakuna njia tena. Watu wa asili wa pale ni Wahaisla. Jirani zao waliwaita watu wa theluji, na muji ukabeba jina lile. Theluji ni mingi kweli.

Kwenye ukingo wa maji kuko kiwanda kikubwa cha kuyeyusha aliminiumu, ile metali nyepesi ya sufuria zetu. Sasa mutoto wa mutu wa mugodi atauliza: shimo liko wapi? Halipo. Katika milima ile hawachimbi udongo wa aliminiumu hata kilo moja. Unga mweupe unaoitwa alumina unaletwa na meli kutoka mbali. Zamani ulitoka Jamaika, kisha Australia.

Juu ya nini basi walijenga pale? Juu ya maji yanayoanguka. Aliminiumu haikubali kuachana na udongo wake kwa moto wa makaa peke yake, inataka umeme. Kilo moja inakula karibu kilowati-saa 14. Kwa umeme ule taa ya wati 60 ingewaka muchana na usiku karibu siku 10.

Mwisho wa 1950 serikali ya jimbo la British Columbia ilipatia kompanyi Alcan haki ya maji ya muto Nechako. Muto ule ulikuwa unaelekea mashariki. Wakaufunga kwa baraji ya Kenney, iliyomalizika 1952, maji yakapanda na kurudi nyuma, kisha wakatoboa mulima kilomita 16 ili yatokee upande wa bahari. Yanaanguka karibu meta 800 mpaka Kemano, pahali mitambo imefichwa ndani ya mulima wenyewe. Kutoka pale nyaya zinavuka milima zaidi ya kilomita 80. Agosti 1954 metali ya kwanza ilimwagwa.

Sisi wa Katanga tuko kinyume chao. Shaba iko chini ya miguu yetu, na tanuru la Lubumbashi liliwashwa 1911, lakini umeme tunauvuta mpaka toka Inga, kilomita karibu 1,700, kwa laini iliyofunguliwa 1982. Njo maana mama wa hapa anaelewa Kitimat kuliko mwalimu wa jiografia. Ndani ya kiwanda kile vyungu vimepangwa mistari mirefu, joto karibu digri 960. Umeme ukikatika saa nyingi, metali inaganda ndani ya chungu. Mama anayejua resho inapozima na bukari haijaiva, anaelewa hasara ile bila kufundishwa.

Mwaka 2007 kompanyi Rio Tinto ilinunua Alcan, na 2015 kiwanda kipya kilimalizika, chenye nguvu ya kutoa tani 420,000 kwa mwaka. Cha zamani kilikuwa na moshi wa lami, na watafiti waliofuata maisha ya wafanyakazi wake waliona kansa ya kibofu kwa wale waliovuta moshi ule miaka mingi. Mwaka 2021 wafanyakazi karibu 900 walifanya mugomo wa miezi zaidi ya miwili. Hata kule mbali mushahara hauji bila maneno.

Lakini si kwa ajili ya tani nimewaita kwenye safari hii.

Maji ya baraji yalihitaji mulango wa kupunguzia, na mulango ule uliwekwa upande wa ziwa Skins, yamwagike katika muto na ziwa la Cheslatta. Pale walikaa watu wa Cheslatta, wa kabila la Dakelh. Walikuwa na nyumba, farasi, mashamba, kanisa, na makaburi. Aprili 1952 waliitwa kwenye mukutano, wakaambiwa waondoke upesi, kwani maji yanakuja. Walisaini chini ya haraka ile. Nyumba zao zilichomwa nyuma yao. Mwaka 1957 mulango ulifunguliwa kwa nguvu, maji yakachimba makaburi, na masanduku ya wafu yakaonekana yakielea.

Soma tena sentensi ile, ndugu. Serikali kuu ilipatana nao juu ya malipo 1993, na serikali ya jimbo 2019. Hesabu mwenyewe miaka kutoka 1952.

Na kanisa? Kwa Wahaisla wa Kitamaat Wametodisti walifika karne ya 19, wakajenga kanisa na nyumba ya kulala watoto. Watoto wa asili katika nyumba za namna ile waliachishwa luga na desturi za wazazi. United Church, mrithi wa Wametodisti wale, liliomba musamaha kwa watu wa asili mwaka 1986, huko Sudbury, ambao nao ni muji wa migodi na matanuru. Mwaka 1998 liliomba tena, juu ya zile shule. Sisi wachungaji tunapenda kufundisha toba. Kuifanya mbele ya watu ni kazi ingine.

Mwaka uliopita wamama wawili walikuja kwangu na karatasi. Kompanyi moja ilitaka kilima ambako wazazi wao wamelala, na ilitaka jibu mbele ya mwisho wa juma. Waliniuliza: Mchungaji, Mukristo anaweza kukataa juu ya mifupa? Kwani roho haiko pale. Nilitaka kujibu haraka, nikakumbuka Nehemia. Mufalme alipomuuliza sababu ya huzuni ya uso wake, alitaja muji wenye makaburi ya baba zake, wala hakuona haya. Na Abrahamu alilipa feza kwa kaburi la Sara mbele ya mashahidi, ingawa waliotaka kumupa bure walikuwepo.

Nikawaambia: musisaini kwanza. Juma mosi tulipanda kilimani na wazee na vijana wa kwaya, tukiwa na daftari. Kaburi moja moja tuliandika jina, ukoo, na nani aliye hai anayelijua. Tulimaliza jua likishuka. Makaburi matatu chini ya muembe hakuna aliyeyajua, hata muzee wetu mwenye miaka mingi. Kijana mumoja aliuliza tuandike nini. Muzee akasema: andika kwamba wako.