Nicodemus: Kijiji Kilichopitwa na Gari la Moshi

Katika jimbo la Kansas, katikati ya nchi ya Marekani, kuna kijiji kiitwacho Nicodemus. Kiko upande wa kaskazini wa mto uitwao South Solomon. Nchi hiyo ni nyika ya majani. Miti ni haba isipokuwa kando ya mito, mvua haitegemeki, na wakati wa baridi theluji huanguka. Kijiji hakina meya wala baraza la mji, na wakazi wake leo hawatoshi kujaza basi moja. Walakini mwaka 1996 Serikali ya Marekani ilikifanya kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Je, sababu yake nini?

Habari yake yaanza mwaka 1877. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu utumwa ukomeshwe, lakini watu weusi wengi wa jimbo la Kentucky walikuwa bado hawana shamba. Nao walijua ya kuwa sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu kupata ekari 160 za ardhi ya serikali, mradi akae na kuilima kwa miaka 5. Basi Mzungu mmoja, W. R. Hill, alishirikiana na mhubiri mweusi, W. H. Smith, kuanzisha mji mpya, na matangazo yakaenezwa kuisifu nchi ile.

Mwezi wa Septemba mwaka ule watu zaidi ya 300 walipanda gari la moshi mpaka Ellis, kisha wakaendelea na safari ya maili zaidi ya 30 nyikani. Walipofika hawakuona mji. Watu walikaa katika mashimo yaliyochimbwa ubavuni mwa ardhi, na mgeni akitazama kwa mbali aliona moshi tu ukitoka chini. Wengine walivunjika moyo wakarudi. Waliobaki walipatwa na njaa, na wazee husimulia kwamba watu wa kabila la Osage, waliokuwa wakitoka mawindoni, waliwagawia chakula. Masika yalipofika walilima kwa majembe na sepeto, kwa kuwa wenye farasi na plau walikuwa wachache mno.

Jasho lao halikupotea. Katika muda wa miaka 10 palikuwa na makanisa, shule, hoteli, maduka na magazeti mawili. Mwaka 1882 Edward McCabe, aliyehamia huko, alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas.

Sasa walitaka reli, maana mazao yasiyofika sokoni hayamtajirishi mkulima. Mwaka 1887 wapiga kura walikubali kutoa dola 16,000 ili reli ipitishwe kwao. Lakini kampuni ile haikuja, na mwaka 1888 kampuni nyingine ilipitisha reli yake kusini ya mto. Mji wa Bogue ukaota huko penye reli, na wenye maduka wakahamia huko. Mwenye duka aweza kupakia bidhaa zake na kuondoka. Mkulima hawezi kupakia shamba lake. Basi wakulima wengi walibaki.

Katika miaka ya 1930 ukame na vumbi viliwafukuza wengi wa waliobaki, na mwaka 1953 hata posta ilifungwa. Lakini mpaka leo, kila mwaka mwishoni mwa mwezi wa Julai, wajukuu na vitukuu hurudi kutoka miji ya mbali. Huabudu, hula pamoja, na huwaonyesha watoto mahali walipokaa babu zao. Majengo matano ya kale yamehifadhiwa.

Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Wazee wengi waliojenga Nicodemus walizaliwa utumwani kwelikweli. Reli ilichukua maduka yao, lakini wajukuu wao hawajakubali kuiacha asili.