Kipara cha Uani

Asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, Mlima Kilimanjaro unaonekana wazi kutoka nyumba za Soweto, mjini Moshi. Lakini mwezi Machi, mvua za masika zilipoanza, katika ua mmoja watu walikuwa wanatazama chini. Ukoka uliokuwa kijani wiki iliyopita ulibaki vijiti. Palikuwa na vipara viwili: kimoja kando ya ukuta, kingine chini ya mwembe.

Jirani alishauri dawa ya kupulizia mahindi. Baba alikuwa ameshaazima bomba, bibi akamzuia.

"Mwanangu, mjukuu wangu anatambaa hapo. Kwanza tumjue anayekula."

Alikuwa na haki ya kuhofu. Dawa hubaki kwenye majani na udongo, na mtoto wa umri huo hupeleka kila kitu mdomoni.

Mama alichanganya vijiko 2 vya sabuni ya kuoshea vyombo katika lita 4 za maji, akamwaga ukingoni mwa kipara cha ukutani. Baada ya dakika chache wakajitokeza viwavijeshi, weusi, wengi. Nondo wao hutaga mvua zinapoanza; viwavi hula nyasi kwa wiki mbili tatu, kisha hujichimbia ardhini. Watoto wakawaokota kwenye ndoo, kuku wakafunguliwa, kazi ikaendelea siku tatu.

Chini ya mwembe sabuni haikutoa kitu. Hapakuwa na kiwavi wala tope la mchwa. Ukoka hupenda jua, na pale pana kivuli. Tena pana mawe mawili: goli la watoto.

Kando ya ukuta baba alitifua udongo, akachanganya samadi iliyooza, akapanda vipande vya ukoka, shubiri moja hadi kingine. Siku zisizo na mvua alimwagilia jioni. Akazungusha kamba: mwezi mzima, hakuna kukanyaga. Watoto walinuna.

"Na chini ya mwembe tupande nini?" aliuliza.

"Pale paache," bibi akajibu. "Pana wenyewe."

Bomba lilirudishwa bila kutumika. Kamba ilipofunguliwa, wa kwanza kuingia kwenye ukoka mpya alikuwa yule anayetambaa. Aling'oa jani moja, akalitia mdomoni. Safari hii hakuna aliyeruka kumkamata.