Arobaini ya Mzazi katika Mji wa Mandvi

Mji wa Mandvi umo Kutch, katika jimbo la Gujarat magharibi mwa India, mahali ambapo mto Rukmavati huingia baharini. Kandokando ya mto huo mafundi wangali wakiunda majahazi makubwa ya mbao, na mtu wa Pwani apitapo hapo hajioni mgeni sana. Kwa karne nyingi vyombo vya mji huu vilisafiri kwa kaskazi hadi Unguja. Tharia Topan, yule tajiri ambaye jengo lake la dispensari ya zamani lingali limesimama mbele ya bahari katika Mji Mkongwe, asili yake ilikuwa Kutch.

Tulifika Mandvi baada ya kumsindikiza mgonjwa wetu kwenye matibabu Ahmedabad. Alipopata nafuu, Alhamdulillah, tuliitikia mwaliko wa familia moja ya Kiislamu yenye udugu na majirani zetu wa Dar es Salaam. Tulikuta nyumba ina mzazi wa siku 12. Nyanya wa nyumba hiyo, ambaye wote humwita Dadi, alizaliwa Unguja na kuondoka na wazazi wake mwaka 1964 akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani na kizuri.

"Karibuni wanangu," alisema. "Msikae barazani kama wageni. Piteni jikoni, mzazi anapikiwa."

Jikoni palinukia samli na tangawizi. Dadi alikuwa akikoroga uji uitwao raab: unga wa uwele hukaangwa kidogo katika samli, kisha hutiwa maji, sukari guru, tangawizi kavu iliyosagwa na mbegu ndogo chungu ziitwazo ajmo, ambazo wenyewe huziamini kwa kuondoa gesi tumboni. Huo ndio mlo wa asubuhi wa mzazi tangu siku za mwanzo. Mchana hupewa wali laini uliopikwa pamoja na choroko, na samli juu yake. Nguvu zikianza kurudi, huletewa mchuzi wa kuku au supu ya miguu ya mbuzi, yenye pilipili manga na vitunguu saumu vingi. Kila baada ya mlo hutafuna mbegu za suva, nazo huaminiwa kuongeza maziwa.

Baadaye huja katlu. Huo ni unga wa mizizi, magome na viungo ambavyo kwa desturi huhesabiwa kuwa 32, na kwa hiyo wengine huuita batrisu, kwa kuwa "batris" kwa Kigujarati ni thelathini na mbili. Huchanganywa na unga wa ngano, samli, sukari guru, nazi kavu, lozi na gundi ya mgunga iliyokaangwa hadi ikavimba. Mchanganyiko huo hukatwa vipande kama kashata, na mzazi hula kimoja kila asubuhi.

India ni nchi kubwa, na kila upande una wake. Punjab wana panjiri, ya unga na samli. Kerala, kwa Waislamu wa Malabar, kuna uji wa uwatu. Watamil humpikia mzazi nyama ya papa iliyochambuliwa na kukaangwa na vitunguu. Lakini fikra iliyo chini ya vyakula hivyo ni moja: kwamba mwili uliojifungua umepoteza joto, na hauna budi kurudishiwa. Nasi tuliitambua fikra hiyo mara moja, kwani ndiyo ya uji wetu wa pilipili manga na ya kukandwa kwa maji ya moto.

Tulipokuwa tumekaa, mzazi aliomba maji ya kunywa na kipande cha papai. Jamaa mmoja wa kike aliyekuja kumtazama alikataa upesi, akisema maji yatamjaza tumbo na tunda litampa baridi mtoto. Dadi hakubishana naye. Alimimina maji bilauri nzima, akampa mkwewe, akangoja hadi akamaliza. Kisha akatugeukia na kusema kwa Kiswahili, ili yule jamaa asifahamu:

"Mimi nilipozaa mara ya kwanza, mama mkwe alininyima maji. Alikuwa mtu mwema, naye alifanyiwa vivyo hivyo. Nilipewa vijiko vichache tu vya maji ya ajmo. Siku ya tisa maziwa yakapungua, mtoto akawa halali. Mwanangu yule hakuifikia arobaini. Sisemi kiu ndiyo iliyomwua, Mungu ndiye ajuaye. Lakini niliapa kuwa nyumbani mwangu hapana mzazi atakayeomba maji akanyimwa."

Tulinyamaza kwa muda. Kisha tukakumbuka kisa cha Bibi Maryam (a.s.) katika Qur'ani, jinsi uchungu ulivyompeleka kwenye shina la mtende, na jinsi Mwenyezi Mungu alivyomruzuku tende mbivu pamoja na kijito cha maji chini yake. Chakula na kinywaji vilimjia pamoja.

Hapo ndipo tulipoona lililo jema katika desturi hii na lililo la kuacha. Uwele, choroko, mchuzi na lozi ni chakula kizuri kwa mwili uliopoteza damu. Lakini mama anyonyeshaye huhitaji maji mengi, na huhitaji mboga za majani na matunda ili damu irudi, pamoja na vidonge vya kuongeza damu alivyoandikiwa. Aliyepata kisukari katika ujauzito aangalie sana sukari guru. Mtoto naye asinyimwe maziwa ya mwanzo yale ya manjano, kwani ndiyo kinga yake, wala asilambishwe asali kabla ya kutimiza mwaka. Homa au damu nyingi havingoji katlu. Ni vya kupelekwa hospitali siku ile ile.

Liko jambo jingine la kukumbushana. Arobaini ya mapumziko si lazima ilingane na nifasi. Damu ikikatika kabla ya siku 40, mwanamke huoga na kuswali, hata kama bado anapikiwa na kukandwa.

Kwa akina baba, Surat al-Baqara, aya ya 233, imekwisha weka juu yao chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye. Katika miji yetu leo wako mabinti wanaojifungua wakarudi kwenye chumba cha kupanga, na siku ya tatu wakainama jikoni wenyewe, mama yuko mbali na mume yuko kazini. Kwa hao, jirani mmoja apelekaye bakuli la uji asubuhi na chupa ya maji amefanya jambo kubwa.

Tulipoaga, Dadi alitufungia pakiti ya katlu kwa ajili ya binti yetu mjamzito. Akatushika mkono mlangoni. "Mpeni kidogo kidogo," alisema, "na maji mpeni kila anapotaka."

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu na watoto wao. Amin.