Mpaka na Mashine

Msomaji, ukifika Busia au Malaba, jicho lako litaona mahali Kenya inapokoma na Uganda inapoanza, lakini sikio lako halitausikia mpaka huo. Kiteso husemwa upande huu na upande ule, na Wasamia wana ndugu huku na huko. Hawakuulizwa. Hadi 1902 nchi hii ilikuwa sehemu ya Uganda. Ndipo Waingereza walipoihamishia katika himaya yao nyingine, iliyokuja kuitwa Kenya. Kwa amri ya karatasi, mjomba akawa mtu wa nchi ya pili.

Katika zama zetu mashine imepewa kazi ya kuupunguza uzito wa mpaka huo. Februari 2018 marais wa nchi hizi mbili walizindua kituo cha pamoja Busia, ili msafiri asimame mara moja badala ya mara mbili. Hiyo ni neema. Walakini mwaka 2020, uviko ulipoingia, malori yalipanga foleni ndefu Malaba, madereva wakingoja majibu ya vipimo. Kompyuta zilikuwapo, kilichopungua ni kuaminiana.

Mimi naona kuwa mashine ni mtumishi: humtii mwoga kama inavyomtii mwema. Basi wewe, utakayeshika kalamu ya serikali kesho, usiulize tu kasi yake. Uliza pia kama mwanamke avukaye na kikapu cha nyanya kichwani amefunguliwa njia sawa na mwenye lori.