Mwanhuzi: Sinia Moja, Vyungu Viwili

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Mwanhuzi hupitia Kolandoto, akaingia Wilaya ya Maswa na kuipita Lalago, kisha nyumba zikapungua na mibuyu ikazidi. Mwanhuzi ndio makao makuu ya Wilaya ya Meatu, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, ambao sehemu yake kubwa ilimegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga. Barabara haiishii hapo. Huendelea hadi Matala na kulielekea Ziwa Eyasi. Upande wa kusini uko Mto Sibiti, unaoyatoa maji Ziwa Kitangiri na kuyapeleka Eyasi, na ng'ambo yake ni Singida. Ni nchi ya pamba, alizeti, mtama na dengu. Zaidi ya yote, ni nchi ya ng'ombe, ambako maziwa na nyama ni heshima ya mgeni.

Katika mji huo anaishi dada yetu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Sisi wadogo zake wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, tulitoka Tanga kwenda kumzuru mwezi wa Juni, siku chache kabla ya Idd ya kuchinja. Tulikuwa na nia mbili. Ya kwanza ni kuunga udugu, kwani mvua nyingi zilikuwa zimepita bila ya kula naye pamoja. Ya pili tulitumwa na mama. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba binti yake ameacha nyama, samaki, mayai na hata maziwa, na kwamba baadhi ya jamaa wanasema amejiharamishia alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Mama hakutaka kulisikia jambo hilo kwa simu. Alisema, "Nendeni mkale naye, kisha mje mniambie."

Nasi tukaenda, tukiwa na nazi kumi na mbili ndani ya kiroba.

Jioni ya kwanza tuliandaliwa ugali wa mtama, choroko, na mgagani uliokaushwa. Mgagani ni mboga chungu kwa asili. Wenyeji huuchemsha, wakamwaga maji ya kwanza, kisha wakauunga kwa maziwa au kwa karanga. Dada huuunga kwa karanga tu. Alizikaanga karanga polepole, akazipepeta maganda, akazitwanga kinuni mpaka zikatoa mafuta, kisha akazikoroga kwa maji ya uvuguvugu na kuzimimina chunguni juu ya moto mdogo. Mboga ilipokolea, uchungu wake ulikuwa umebaki kidogo tu, kiasi cha kuufanya ugali utamanike.

"Wadogo zangu," alisema, "huku karanga ndizo nazi zetu."

Katika siku zote za safari yetu hatukusikia neno lililotufungulia Usukuma kama hilo. Mtu wa pwani hupika kisamvu, maharage, mchicha na mihogo kwa tui, na mara nyingi havimo nyama wala samaki. Mtu wa bara hili kavu, ambako mnazi hauoti, alikwisha kuupata utajiri ule ule ardhini, katika mmea mdogo unaovumilia mvua haba. Siku ya pili tulizikuna nazi tulizokuja nazo, dada akaunga choroko kwa tui zito la Tanga, na jirani zake watatu wakaja kuonja. Mmoja wao, mama wa Kisukuma mwenye wajukuu, aliuliza kama maziwa yale ni ya ng'ombe gani. Tulicheka sote, naye akacheka kuliko sisi.

Asubuhi tulikwenda sokoni. Mtu akishaisikia sifa ya Meatu kwa mifugo, na kwamba vijana wa wilaya hii wamepata hata kuanzisha kiwanda cha kusindika maziwa, hudhani kuwa pasipo ng'ombe hapana chakula. Soko lilitueleza vingine. Tulikuta mafungu ya dengu na choroko, kunde, karanga nyeupe na nyekundu, unga wa mtama, ukwaju, ubuyu, mafuta ya alizeti, mlenda uliokaushwa na kutwangwa, na majani makavu ambayo Wasukuma huyaita nsansa. Dada aliamkia kila mwenye meza, "Mwangaluka," akajibiwa kwa "mhola," na kila mmoja alijua atakachonunua. Katika kapu lake hapakuwa na kitu kilichotoka mbali, wala kitu cha anasa.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mlo wa mimea mitupu, unaozungumzwa mijini kana kwamba umeshuka na ndege, haukuwa ugeni katika nchi hii. Mfugaji wa Kisukuma hakuchinja kila siku. Ng'ombe wake walikuwa mahari, akiba na kinga ya mwaka wa njaa. Chakula cha kila siku kilikuwa nafaka, kunde na majani. Nyama ilikuwa na siku yake.

Hata hivyo, majani hayo nayo yana historia. Katika karne iliyopita sehemu kubwa ya Usukuma ilifyekwa miti, kwa ajili ya kuwaondoa mbung'o na kupata mashamba ya pamba, hata ardhi ikabaki uchi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, wakati eneo hili likiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mradi huo ulirejea katika hekima ya wenyeji iitwayo ngitili. Ngitili ni eneo linalofungwa mifugo isiingie wakati wa mvua, ili majani yastawi na kuwa malisho ya kiangazi. Penye ngitili miti ilirudi, na pamoja na miti zikarudi kuni, dawa, matunda ya mwitu na mboga za porini. Tulipita kando ya moja nje ya mji, na dada akatuonyesha mkwaju ambao watoto wa shule huuokotea matunda. Kumbe hata uji wake wa asubuhi, aliouchachua kwa ukwaju, ulikuwa na mkono wa wazee waliojua kuizuia mifugo yao.

Jambo jingine jipya kwetu lilikuwa michembe. Msimu wa viazi vitamu ulikuwa umefika, na uani kwa jirani wanawake walikuwa wakivimenya na kuvikata vipande vyembamba, wakavianika juani. Vikikauka vikiwa vibichi huitwa michembe, na vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa huitwa matobolwa. Tulipewa visu, tukafundishwa. Vipande vyetu vilikuwa vinene, vikatengwa pembeni kwa adabu. Chakula hicho hukaa miezi mingi bila ya kuharibika, na kikichemshwa pamoja na karanga ni kifungua kinywa kinachomfikisha mkulima adhuhuri. Tulijisemea kwamba nchi ambayo watu huchimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji haiwezi kukosa elimu ya kuweka akiba.

Siku ya tatu lilitokea jambo dogo lililotuambia mengi. Yule mama jirani alileta maziwa ndani ya kibuyu, kwa ajili yetu wageni. Dada aliyapokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo kama ilivyo desturi ya huko, akasema, "Wabeja sana." Hakutoa hotuba juu ya mlo wake. Alitumiminia sisi, akawamiminia na watoto waliokuwapo, yeye akanywa maji. Mama yule alimtazama, akasema kwa upole, "Mwalimu na maji yake," kama mtu anayetaja tabia ya mwanawe mwenyewe. Kama dada angekikataa kibuyu kile mlangoni, angekuwa amekataa udugu. Alikipokea, na hakunywa, na hakuna aliyeumia.

Usiku huo, baada ya swala ya Isha, tulimfikishia maneno ya mama. Hakukasirika. Alitueleza kwamba alipofika mara ya kwanza alikuwa mgeni asiyemjua mtu. Kila alipoalikwa hakujua nyama ile imechinjwa na nani na kwa namna gani, akaona salama yake ni kula mboga na kunde. Baadaye alijuana na Waislamu wenzake wa mji na wasiwasi ule ukaondoka, lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kuzoea, na akajiona mwepesi. Maziwa na mayai aliyaacha polepole, kwa hiari. "Sijasema ni haramu," alituambia. "Nikisema hivyo nitakuwa nimeingia mahali pasipo pangu. Nimesema tu kwamba mimi sili."

Tofauti hiyo, ndugu msomaji, si ndogo. Katika Suratul Maida, aya ya 87, waumini wanakatazwa kuviharamisha vitu vizuri alivyowahalalishia Mwenyezi Mungu. Mwenye kuifanya nyama ya halali kuwa dhambi amekosea. Lakini kuacha kula si kuharamisha. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliandaliwa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, nyumbani kwa mkewe Bi Maimuna. Akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu, naye akajibu kwamba si haramu, ila mnyama huyo hakuwa katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Khalid akajivutia chakula kile akala, na Mtume akimtazama. Chakula kilikuwa kimoja, mmoja akala na mwingine akaacha, wala hapakuwa na ugomvi. Imepokewa vilevile kwamba Mtume hakupata kukitia chakula ila: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha.

Swali lililobaki lilikuwa la Idd yenyewe. Mtu asiyekula nyama atafanyaje siku ya kuchinja? Jibu tuliliona kwa macho. Dada alikuwa amenunua mbuzi mapema kwa akiba ya mshahara wake. Baada ya swala ya Idd, mdogo wake wa kiume alimchinja kwa niaba yake, naye amesimama karibu. Wanazuoni wengi wanaona kwamba mwenye udhiya kula katika nyama yake ni sunna wala si lazima, na kwamba lililo kubwa ni ibada na kuwafikia wahitaji. Basi nyama ile ilikwenda kwa wajane, kwa wazee, na kwa majirani, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Sehemu iliyobakia ilipikwa kwa ajili ya wageni.

Jikoni palikuwa na vyungu viwili. Katika kimoja mlikuwa na mchuzi wa mbuzi. Katika cha pili mlikuwa na pilau ya dengu na viazi, iliyoungwa kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi kuwa vyeusivyeusi, bizari, mdalasini na mafuta ya alizeti. Miko nayo ilikuwa miwili, ili pasiwe na shaka. Lakini sinia lilikuwa moja. Pilau ilitandazwa sinia zima, mchuzi ukawekwa katika bakuli upande wa wageni, na sote tukanawa tukaketi jamvi moja. Wageni waliovuta bakuli mwanzoni walirudi kwenye dengu mwishoni. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini Mwalimu hali nyama aliyoinunua mwenyewe. Bibi yake akamjibu, "Ameinunua ili wewe ule."

Hatusemi kwamba kila mtu aufuate mlo huu, wala hatusemi kwamba hauhitaji uangalifu. Mtama na choroko vikiliwa pamoja huujenga mwili vizuri, na limao juu ya mboga za majani husaidia madini ya chuma kufyonzwa. Lakini vitamini B12 haipatikani kwa kutegemewa katika mimea, na aliyeacha nyama, maziwa na mayai yote kwa pamoja hana budi kuipata kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa, kwa ushauri wa mtaalamu wa afya. Dada analijua hilo na analitimiza. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wanahitaji uangalizi zaidi. Mwili nao ni amana.

Tuliondoka Mwanhuzi kiroba kikiwa na michembe, nsansa na karanga, mahali zilipokuwa nazi. Mama alituuliza swali moja tu: "Mmekula naye?" Tukamwambia tumekula naye siku saba, asubuhi na jioni, na siku ya Idd tumekula naye sinia moja. Akasema Alhamdulillah, akaomba aonyeshwe michembe inavyopikwa.

Katika jamaa zetu wapo walioacha chakula fulani kwa maradhi, kwa mazoea au kwa hiari. Yupo asiyekula sukari, yupo asiyekula chumvi, yupo asiyekula nyama. Kwa mwenye ndugu wa namna hiyo, kuongeza chungu kimoja si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuurudisha udugu uliokatika kwa maneno ya jikoni. Hukumu iacheni kwa wenye elimu, na ndugu mtembeleeni, mkale naye alichokipika kwa mkono wake.

Wabillahi Tawfiq.